Umebonyeza Tuma, taarifa hazijafika: tafuta zilipokwama

Mzigo wa Mwanza unaupeleka stendi ya Mbezi, unaandika juu yake jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa makapeni, ofisi ya basi wanakukatia risiti. Kesho yake ndugu yako yuko Nyegezi anasema hajaona kitu. Humfokei. Unapiga simu Mbezi kwanza: mzigo uliingia kwenye buti? Wakisema uliingia, unauliza ulishushwa wapi. Ukishajua ulishushwa Nyegezi ndipo unamwambia ndugu yako atazame vizuri, pengine uko pale pale mbele yake ila jina limefutika.

Fomu ya tovuti ni safari hiyo hiyo: Mbezi ni kivinjari cha anayejaza, Nyegezi ni seva inayopokea. Watu wengi ninaowafundisha hupoteza siku nzima kwa kuanzia Nyegezi: wanaandika upya msimbo wa seva, wanabadilisha hifadhidata, kumbe mzigo haujatoka Mbezi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona, kisha unaulizia kila kituo.

Chukua fomu ndogo ya kuandikisha wanafunzi wa tuisheni:

```
<form action="pokea.php" method="post">
  <label for="mzazi">Jina la mzazi</label>
  <input id="mzazi" name="jina_mzazi" type="text" required>
  <label for="sm">Simu</label>
  <input id="sm" name="simu" type="tel">
  <button>Tuma</button>
</form>
```

Mzazi akibonyeza Tuma, kivinjari hupita kisanduku kimoja kimoja, hushika `name` yake na kilichoandikwa ndani, kisha hufunga mzigo wa namna hii:

`jina_mzazi=Asha+Juma&simu=0700000000`

Hicho ndicho kinachosafiri, basi. Maneno ya kwenye lebo hayasafiri. `id` haisafiri. Rangi na mpangilio havisafiri. Fomu zimo kwenye HTML tangu toleo la 2 la Novemba 1995, na mzigo bado unafungwa hivyo hivyo, uwe unaupokea kwa PHP, Python au kitu kingine.

Kabla ya yote: tazama kilichotoka

Kwenye kompyuta, bonyeza F12, fungua kichupo cha Network, weka tiki kwenye Preserve log (Firefox huiita Persist Logs), kisha tuma fomu. Mstari mpya utatokea wenye jina la faili la `action`. Ubonyeze, tafuta Payload kwenye Chrome au Request kwenye Firefox, na utaona mzigo wenyewe kama ulivyotoka kwenye kivinjari.

Wengi mnajifunzia kwenye simu, na kwenye simu hakuna F12. Fanya hivi: badilisha `method="post"` iwe `method="get"` kwa dakika moja, tuma, kisha soma anwani iliyo juu ya ukurasa. Mzigo wote utakuwa umeandikwa pale baada ya alama ya kuuliza. Nafasi itaonekana kama `+`, alama ya `@` itaonekana kama `%40`. Usishtuke, seva huzirudisha zilivyokuwa. Ukimaliza kutazama, rudisha `post`, na usifanye jaribio hili kwa nenosiri la mtu halisi.

Kama kitu hakimo kwenye mzigo huo, seva haina kosa. Kama kimo na seva inadai haikioni, achana na HTML uende kwenye msimbo wa kupokea.

"Nabonyeza Tuma, kimya kabisa"

Network haionyeshi mstari wowote. Mzigo haujatoka, kwa hiyo sababu iko ndani ya ukurasa.

Tazama kitufe kwanza. `<button>` iliyo ndani ya `<form>` hutuma yenyewe, lakini `<button type="button">` haitumi chochote mpaka uiandikie JavaScript. Kitufe kilichokaa nje ya `</form>` nacho hakina cha kutuma, isipokuwa umekipa `form="id-ya-fomu"`.

Sababu ya pili inawatesa hata wazoefu. Una fomu ya hatua tatu, na hatua ya kwanza umeificha kwa `display:none` mtu anapofika ya tatu. Ndani ya kile ulichoficha kuna kisanduku chenye `required` kilichobaki kitupu. Kivinjari kinataka kumwonyesha mtumiaji kosa lilipo, kinakuta kisanduku hakionekani, kinakataa kutuma bila kumwambia neno. Kwenye Console (kichupo kingine cha F12) utakuta ujumbe wa "not focusable" pamoja na jina la kisanduku chenyewe. Ondoa `required` kwenye sehemu iliyofichwa, au kagua kila hatua kabla ya kuruhusu ya mbele.

Ya tatu: umeandika `event.preventDefault()` kuzuia fomu isitume mpaka ukague, halafu mstari unaofuata una kosa. Kuzuia kumefanyika, kutuma hakukufikiwa. Console itakuonyesha mstari wenyewe kwa wekundu.

Na kama umekipa kitufe `name="submit"`, kisha kwenye JavaScript unaita `form.submit()`, utaambiwa si funksheni, kwa sababu jina la kitufe limekalia nafasi ya amri. Kiite `name="kitufe"`.

"Ukurasa unajipakia upya, visanduku vinarudi vitupu"

Tazama anwani. Ikiwa imeota alama ya kuuliza na maneno ya mtumiaji, umesahau `method`, na fomu isiyoambiwa hutumia `get`. Usipoandika `action` nayo, fomu hujituma kwenye ukurasa huo huo. Kwa kisanduku cha kutafuta bidhaa, `get` ni sawa kabisa, na ni vizuri mtu aweze kumtumia mwenzake kiungo cha alichokitafuta. Kwa nenosiri ni hatari, kwa sababu litabaki kwenye historia ya kivinjari cha kompyuta ya steshenari na kwenye kumbukumbu za seva. Nimewahi kukaa kwenye kompyuta ya kukodi, nikaandika herufi mbili tu, na anwani ya mtu mwingine ikajileta ikiwa na nenosiri lake lote. Tangu siku hiyo `method` ndiyo kitu cha kwanza ninachokikagua kwenye fomu ya mwanafunzi yeyote.

Kama msimbo wa PHP unajitokeza kwenye skrini, au faili linashushwa badala ya kufanya kazi, umefungua ukurasa moja kwa moja kutoka kwenye folda. Anwani itakuwa inaanza na `file://`. PHP inahitaji seva, hata iwe ile ndogo ya kwenye kompyuta yako.

"Vingine vinafika, vingine havifiki"

Hapa pana visababishi vingi, vyote vidogo.

Kisanduku kina `id` lakini hakina `name`. Huu ni mzigo usio na jina, na kivinjari hakiupakii. `id` ni ya lebo na JavaScript. `Name` ni ya safari.

Jina haliendani herufi kwa herufi. `name="Simu"` kwenye fomu na `$_POST['simu']`, ambako PHP hulisoma, ni vitu viwili. Ukiweka nafasi, kama `name="jina la mzazi"`, PHP itakupa `jina_la_mzazi`; nukta nayo hugeuzwa mstari wa chini. Andika herufi ndogo na mstari wa chini tangu mwanzo.

Kisanduku kina `disabled`. Hicho hakitumwi. Ukitaka mtu aone ada bila kuibadilisha lakini isafiri, tumia `readonly`, na bado seva iitafute ada hiyo yenyewe, kwa sababu mtu anaweza kuibadilisha kabla ya kutuma.

Kisanduku cha tiki kisichotiwa tiki hakitumi "hapana". Hakitumi kitu. Kikitiwa tiki bila kuwa na `value`, kinatuma neno `on`. Kwa hiyo kwenye seva uliza kama jina lipo au halipo.

Vidoti (`type="radio"`) vya kuchagua mvulana au msichana vinakubali kubonyezwa vyote viwili: umevipa `name` tofauti. Vipe moja, tofauti iwe kwenye `value`. Kinyume chake, mwanafunzi amechagua Hisabati, Fizikia na Kemia lakini PHP inakupa Kemia peke yake. Visanduku vitatu vina jina moja na la mwisho limefunika mengine; andika `name="masomo[]"`.

Umeweka `<form>` katikati ya `<table>` na `<tr>`. Kivinjari husahihisha mpangilio huo kwa namna yake, na visanduku vinaweza kujikuta nje ya fomu ulipoupanga upya kwa JavaScript. Fomu iizunguke jedwali lote kwa nje.

Na hiki ni cha walimu wanaojaza alama. Wanafunzi 120, masomo 9, visanduku 1,080 kwenye ukurasa mmoja. Kila mara wanafunzi wa mwisho kwenye orodha hawahifadhiwi, na mwalimu anaambiwa hakujaza. PHP ina kikomo kiitwacho `max_input_vars`, na kwa kawaida ni 1,000, vinavyozidi hukatwa. Gawa fomu darasa kwa darasa, au ongeza kikomo.

"Chang'ombe inakataa"

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa na watu ambao lugha yao haina ng'.

Mzazi anaandika kata, Chang'ombe, na fomu inaanguka. Au anatoka Murang'a, au Nyang'hwale, au ni mtoto anayeitwa Ng'wandu. Walioandika Temeke na Kibaha wanapita, kwa hiyo aliyetengeneza anajaribu kwake, anaona inafanya kazi, anamwambia mzazi mtandao wake mbovu. Kinachoiangusha ni ritifaa, ile alama ya ' kwenye ng', na inaangusha katika vituo vitatu tofauti.

Kituo cha kwanza ni kivinjari. Mtu amenakili `pattern="[A-Za-z]+"` ili jina liwe na herufi tupu. Ng'wandu anaambiwa jina lake halikubaliki. Asha Juma naye anakataliwa, kwa kuwa nafasi si herufi. Futa pattern hiyo. Jina la mtu ni vile anavyoliandika mwenyewe, na fomu haina mamlaka ya kumwambia kwamba jina alilopewa na bibi yake ni batili.

Kituo cha pili ni hifadhidata. Msimbo umeunganisha maneno kwa mkono, ikatokea amri hii:

```
INSERT INTO wanafunzi (jina, kata)
VALUES ('Rehema', 'Chang'ombe')
```

Isome kama hifadhidata inavyosoma. Ritifaa ya kwanza inafungua neno. C-h-a-n-g. Ritifaa ya pili inalifunga. Neno ni "Chang". Sasa kuna `ombe` imesimama nje, si amri, si jina la safu, haijulikani. MySQL, programu ya hifadhidata, inalalamika kuwa kuna kosa karibu na `'ombe')`. Ukiona vipande vya majina ya watu kwenye ujumbe wa kosa, umeshapata ugonjwa. Na ugonjwa huo ni mkubwa kuliko Chang'ombe: mlango ule ule ambao ritifaa imeufungua bila kukusudia, mwenye nia mbaya anaweza kuufungua kwa kukusudia, akaandika amri zake ndani ya kisanduku chako na kusoma au kufuta taarifa za watoto wote. Dawa ni kutenganisha amri na maneno:

```
$q = $pdo->prepare(
  'INSERT INTO wanafunzi (jina, kata) VALUES (?, ?)');
$q->execute([$_POST['jina'], $_POST['kata']]);
```

Alama za kuuliza zinashika nafasi, maneno yanakuja baadaye yakiwa maneno tu. Usitumie njia ya mkato ya kufuta ritifaa. Ng'ombe na ngoma hazianzi kwa sauti moja, na atakayetafuta Chang'ombe kesho hatapata Changombe.

Kituo cha tatu ni unaporudisha taarifa kwenye fomu ili zihaririwe. Hifadhidata ina Chang'ombe nzima, lakini kisanduku kinaonyesha "Chang". Umeandika `value='...'` kwa ritifaa, na ya kwenye jina imefunga mapema. Tumia `value="..."` na upitishe neno kwenye `htmlspecialchars`. Kabla ya PHP 8.1 funksheni hiyo haikuigusa ritifaa mpaka uiambie `ENT_QUOTES`, na hosti nyingi za bei nafuu bado zina PHP ya zamani, kwa hiyo iandike kila mara.

Likabaki jambo moja usiloliona kwa macho ya haraka. Kibodi ya iPhone mara nyingi huandika ’ iliyopinda badala ya ' iliyonyooka. Ukihesabu wanafunzi kwa kata utapata Chang'ombe 14 na Chang’ombe 9, kana kwamba ni kata mbili. Kabla ya kuhifadhi majina ya mahali, geuza zote ziwe moja:

`$kata = str_replace(['’', '‘', 'ʼ'], "'", trim($_POST['kata']));`

Zikionekana kama â€™ kwenye ukurasa, hapo umesahau `<meta charset="utf-8">`, au hifadhidata haijaunganishwa kwa utf8mb4, mpangilio wa herufi wa MySQL.

"Namba zimebadilika"

Kituo kimoja cha tuisheni kiliniita kwa sababu wazazi wengi kwenye mfumo walikuwa na namba moja ya simu: 2147483647. Mhasibu alikuwa ameshaipiga mara mbili. Aliyejenga mfumo alikuwa ameweka safu ya simu kuwa `INT`, yaani namba ya kuhesabia, na 2147483647 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia humo. Namba ya Tanzania ikianza na 255 ina tarakimu 12. Haienei, na MySQL iliyolegezwa masharti inaweka kikomo chake badala ya kukataa. Namba halisi zilikuwa zimepotea na ilibidi wazazi wapigiwe upya kupitia madaftari.

Walioanza na 0 nao hawakusalimika: kihesabu, 0700 ni 700, sifuri ya mbele haina thamani. Simu iwe `type="tel"` kwenye fomu na `VARCHAR(20)` kwenye hifadhidata. Kitu usichokijumlisha wala kukitoa kihifadhi kama maneno.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. JavaScript ikiigeuza namba, za mwisho zinabadilika, maana haina uhakika zaidi ya 9007199254740991. Excel hushika tarakimu 15 tu, nyingine huwa sifuri, na kwenye seli utaona kitu kama 1.99001E+19. Ukimpa mtu faili la CSV alifungue kwa Excel kisha alihifadhi, namba za watu zimekufa hapo. Kwenye Excel aingize faili kama data na safu hiyo aipe aina ya maandishi.

Tarehe haina tatizo ukitumia `type="date"`. Mtumiaji anaweza kuona 07/03/2025 au 03/07/2025 kutegemea simu yake, lakini kinachosafiri ni 2025-03-07 daima. Tatizo huja ukimwachia aandike kwa mkono.

"Mwenye picha ndogo anapita, mwenye simu mpya anakwama"

Picha haisafiri bila `enctype="multipart/form-data"` kwenye `<form>`; ukiisahau, linasafiri jina la faili peke yake.

Ukiwa umeiweka na bado baadhi ya watu wanaambiwa "jaza jina" ilhali wamelijaza, pima picha zao. PHP kwa kawaida inaruhusu faili la MB 2 (`upload_max_filesize`) na mzigo mzima wa MB 8 (`post_max_size`). Faili likizidi kikomo cha kwanza, picha inakataliwa. Mzigo ukizidi kikomo cha pili, `$_POST` yote inakuwa tupu, jina likiwemo. Picha tatu za kamera ya siku hizi zinatosha kufika hapo. Ongeza vikomo vyote viwili, cha mzigo kiwe kikubwa kuliko cha faili. Ukiona namba 413 kwenye safu ya Status ya Network, mara nyingi ni Nginx, programu ya seva, iliyoukataa mlangoni. Yenyewe huanzia MB 1.

Namba nyingine kwa ufupi: 404, faili la `action` halipo ulipolitaja, kagua herufi kubwa na ndogo. 405, ukurasa upo lakini haupokei `post`, jambo la kawaida kwenye hosti za kurasa zisizo na programu. 419 kwenye Laravel (ya PHP) au 403 kwenye Django (ya Python), tokeni ya usalama haimo kwenye fomu au mtu aliiacha wazi mpaka ikaisha muda. 500, msimbo wako wa seva umeanguka. Soma faili la makosa.

"Mwanafunzi mmoja ameandikishwa mara tatu"

Mtandao ulikuwa mzito, mzazi akabonyeza, hakuona kitu, akabonyeza tena. Au alifanikiwa, kisha akaburuta ukurasa kuupakia upya na kivinjari kikatuma mzigo ule ule. Seva ikishahifadhi, isionyeshe "Asante" hapo hapo; impeleke ukurasa mwingine: `header('Location: asante.php'); exit;`. Akiupakia upya, anapakia asante. Kitufe kizimwe baada ya kubonyezwa, lakini kwenye tukio la `submit`. Ukikizima kwenye `click` unaweza kuizuia hata safari ya kwanza. Na hifadhidata yenyewe ikatae simu na jina la mtoto vikijirudia pamoja, kwa sababu kitufe hakimzuii mwenye vichupo viwili.

"Fomu inasema asante, barua pepe haiji"

Tafuta kwenye spam kwanza. Kisha tazama msimbo: watu huweka anwani ya mteja kwenye `From`, na hapo seva yako inatuma barua ikijidai ni ya Gmail. Google wanaona haikutoka kwao, wanaitupa. `From` iwe anwani ya domeni yako, ya mteja iende kwenye `Reply-To`, na utume kwa SMTP, yaani kupitia seva ya barua yenye jina na nenosiri, badala ya `mail()` tupu ya PHP. Pia hakikisha unahifadhi kwenye hifadhidata kabla ya kutuma barua, ili barua ikipotea, mzazi asilazimike kujaza fomu upya.